Radi juu ya bwawa: mvuvi aondoke lini?

Wingu jeusi likijijenga upande wa milima ya Pare, mvuvi wa Nyumba ya Mungu hana muda mrefu. Wapo watakaokuambia radi hutumwa na mtu. Mimi nakuomba, ndugu msomaji, uliangalie wingu lenyewe.

Ndani yake, vipande vyepesi vya barafu hugongana na punje nzito. Kila mgongano huhamisha chaji kidogo ya umeme: vyepesi hupeperushwa juu vikiwa na chaji chanya, punje nzito hubaki chini na chaji hasi.

Kwa kawaida hewa haipitishi umeme. Lakini chaji zikirundikana mno, elektroni moja iliyo huru husukumwa kwa kasi, hugonga molekuli ya hewa na kung'oa elektroni nyingine. Zinakuwa mbili, nne, nane, mpaka hewa yenyewe inageuka kama waya. Njia hiyo ya radi hupata joto la karibu nyuzi 30,000 za Selsiasi, hewa hutanuka ghafla, ndiyo ngurumo tunayoisikia. (Kwenye redio ya masafa ya kati, mkwaruzo huitangulia.)

Mvuvi aliyesimama kwenye mtumbwi yuko juu kuliko chochote kilicho karibu naye. Radi ikimulika, hesabu sekunde hadi ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zisipofika 30, piga kasia uende nchi kavu, uingie kwenye nyumba imara, si chini ya mti. Usirudi majini kabla ya dakika 30 kupita tangu ngurumo ya mwisho.