Bei ya Dawa na Maana ya Uhuru

Kila tarehe 9 Desemba tunawasimulia watoto wetu jinsi bendera ya Tanganyika ilivyopandishwa mwaka 1961. Safari hii, sisi wauguzi wa jumuiya tunaongeza simulizi la Durban, jiji tunaloishi, kwa kuwa matunda yake yalifika hadi nyumbani.

Miaka ya 1990 UKIMWI ulimaliza watu Kagera na Mbeya kama ulivyowamaliza hapa KwaZulu-Natal. Dawa za ARV zilikuwapo, lakini tiba ya mgonjwa mmoja kwa mwaka iligharimu zaidi ya dola 10,000. Sababu kubwa ilikuwa hataza, yaani haki ya kampuni moja tu kutengeneza dawa na kuipangia bei. Haki hiyo ililindwa na mkataba wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) ulioanza kutumika 1995. Nchi zetu zilikuwa na bendera, ila bei ya uhai ilipangwa kwingine. Afrika Kusini ilipotunga sheria ya dawa nafuu mwaka 1997, kampuni za dawa ziliishtaki.

Tarehe 9 Julai 2000, mkutano wa kimataifa wa UKIMWI ulipofunguliwa Durban, maelfu waliandamana wakidai dawa. Mstari wa mbele walikuwa Treatment Action Campaign, chama cha wananchi kilichoanzishwa 1998. Siku hiyo Nkosi Johnson, mtoto wa miaka 11 aliyeishi na virusi, alihutubia wajumbe. Mwaka uliofuata alifariki.

Februari 2001, Cipla ya India ilitangaza dawa hizo kwa dola 350 kwa mwaka. Aprili, kampuni 39 zilifuta kesi yao. Juni, Bunge la Kenya, likisukumwa na wanaharakati, lilipitisha sheria ya kuruhusu dawa nafuu. Novemba, huko Doha, mawaziri wa WTO walikubali kuwa mkataba usizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Mwaka 2004 Tanzania ilianza kutoa ARV bure. Fedha za wafadhili zilisaidia, na kwa bei mpya ziliwatosha wagonjwa wengi zaidi.

Leo kliniki tunawahudumia watu wanaomeza kidonge kimoja kwa siku, kisha wanawahi kazini. Watoto wetu, kanuni za biashara ya dunia zimeandikwa na watu, na watu wakisimama pamoja huandikwa upya. Huo nao ni uhuru.

Heri ya Siku ya Uhuru!