"Kuzuia" Moja, Kazi Tatu: Historia Fupi ya Istilahi za Dawa ya Kifafa

Neno kifafa ni la zamani katika lugha yetu, na wengi hulihusisha na kitenzi kufa. Mwenziwe degedege hutajwa pamoja na dege, ndege mkubwa aliyeaminiwa kumdhuru mtoto. Tiba ya hospitali ilileta usemi wa tatu, "dawa ya kuzuia kifafa", nao ndio tunaokusudia kuuchunguza hapa.

Mwaka 1857 Charles Locock wa Uingereza alieleza matumizi ya bromidi. Mwaka 1912 Alfred Hauptmann wa Ujerumani akafuata na fenobabitoni, ambayo imetumika sana katika zahanati zetu. Dawa hizi hutuliza mitukutiko maadamu mgonjwa anazimeza. Chanzo cha maradhi hubaki palepale.

Mwaka 1967 Graham Goddard, huko Kanada, alitangaza jambo geni. Alitia umeme mdogo katika ubongo wa panya kila siku. Mwanzoni panya hakudhurika. Baada ya siku kadhaa umeme uleule ulimwangusha kwa mitukutiko. Jambo hilo lilipewa jina la vijiti vya kuwashia moto. Kwa Kiswahili "uchochezi" haufai, kwani umekwisha kuzoeleka mahakamani. Sisi twapendekeza ukokaji, kutokana na kukoka moto, kitenzi ambacho kila mpishi wa kuni hukielewa.

Katika miaka ya 1980 watafiti walivigeukia vipokezi, yaani sehemu za chembe za neva zinazopokea kemikali za ubongo. Dawa iitwayo MK-801, inayoziba vipokezi vya NMDA, ilichelewesha ukokaji katika panya. Lakini kwa panya aliyekwisha kukokwa, nguvu yake juu ya mitukutiko ilikuwa ndogo. Mwaka 1986 Richard Morris na wenzake, huko Uskoti, walionyesha hasara ya kuziba vipokezi hivyo: panya waliotiwa dawa ya AP5 walishindwa kujifunza mahali palipofichwa jukwaa la kupandia ndani ya birika la maji. Kumbe kipokezi kinachosaidia moto kukoka husaidia pia kujifunza.

Hapa pana kazi tatu, nazo zahitaji vitenzi vitatu: kuziba kipokezi, kukinga ukokaji, na kutuliza mtukutiko. Mfasiri akiandika "kuzuia" kwa zote, maana hupotea.

Hasara yake si ya vitabuni tu. Tangu mwaka 1971 Hospitali ya Bugando, mjini Mwanza, imepokea wagonjwa wa mwambao wa Ziwa Victoria. Tumfikirie mvuvi anayeuza samaki Mwaloni, Kirumba. Akiambiwa kwamba vidonge "vimezuia kifafa", aweza kudhani maradhi yamekwisha, akaviacha ghafla na kurudi mtumbwini. Kuacha ghafla fenobabitoni kwaweza kuleta mitukutiko mfululizo, na majini mtukutiko mmoja watosha kuua. Akiambiwa kwamba vidonge "vinatuliza mitukutiko", ataelewa kuwa kazi yake haina budi kuendelea. Mwalimu naye yampasa kujua kwamba mtoto anayesinzia darasani huenda analemewa na dawa, wala si mvivu. Mzazi ashauriwe kumwona tabibu.

Kwa hiyo twawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali waliache neno "kuzuia" katika maelezo ya dawa hizi, na waandike "dawa ya kutuliza mitukutiko" pale dawa inapofanya kazi hiyo.