Somo la Historia: Sumaku Ionyeshayo Ubongo

Mwaka 1895 Röntgen, Mjerumani, aligundua eksirei. Eksirei huonyesha mfupa waziwazi, lakini ubongo uliomo fuvuni haiuonyeshi vema. Mwaka 1973 Lauterbur, Mmarekani, alipata picha ya maji ya mirijani kwa sumaku na mawimbi ya redio, jamii ya haya yawaleteayo sauti yangu. Ubongo nao umejaa maji. Basi nao ukapigika picha. Mwaka 1988 Marekani iliruhusu kudunga dawa ya gadolini, ing'arishayo uvimbe. Hata saratani ndogo iliyotoka titini ikaonekana ubongoni. Basi, mwenye saratani akiumwa kichwa mfululizo asingoje. Aende Bugando, hospitali iliyofunguliwa 1971, amweleze daktari.

Swali: Kwa nini eksirei haikutosha? Andikeni daftarini. Kwaherini.