Duka na Kura

Ndugu msomaji, kabla hatujaingia kwenye historia yenyewe, ngoja nikuonyeshe daftari moja. Ni kauntabuku kuukuu, jalada limeliwa na mende. Ndani mna majina ya watu, na mbele ya kila jina kuna mali: mche wa sabuni, chupa ya mafuta ya taa, kilo ya chumvi, khanga doti moja. Hili ni daftari la mkopo la duka la baba yangu, Kasulu. Mimi ndiye niliyekuwa karani wake tangu darasa la tano, maana mwandiko wa mzee ulikuwa kama nyayo za kuku. Ukiniuliza nilianza lini kuandika, nitakujibu: nilianza kwa kuandika madeni ya watu.

Siku hizi tumezoea kumwona mwenye maduka, mwenye mabasi au mwenye mashine za kusaga akigombea ubunge, hata tukadhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Haikuwa hivyo, hasa kwetu Uha. Zamani heshima ilikuwa ya Mwami. Majimbo ya Muhambwe, kule Kibondo, na Buyungu, ambayo leo iko wilaya ya Kakonko, yanabeba bado majina ya tawala hizo. Hapa kwetu Heru alitawala mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa nchi nzima. Wakati huo wanaume wengi wa Kiha walikuwa wamekwisha kwenda Tanga kukata mkonge, wale walioitwa manamba. Babu yangu alirudi na cherehani. Akashona, akauza, akaweka akiba. Duka letu lilizaliwa hapo.

Lakini mwenye duka hakuwa mtu wa kupewa uongozi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema wazi: kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mbunge alihusika, na diwani vilevile. Kisha ikaja Operesheni Maduka mwaka 1976, maduka ya watu binafsi yakafungwa ili yafunguliwe ya ushirika. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mzee alikuwa akisimulia jinsi watu walivyofukia sabuni shambani usiku, kana kwamba wanazika maiti. Mtu wa namna hiyo angesimamaje jukwaani kuomba kura?

Mlango ulifunguliwa Februari 1991, pale Zanzibar, Halmashauri Kuu ya CCM ilipolegeza masharti ya uongozi. Mwaka uliofuata vyama vingi vikaruhusiwa. Ghafla mwenye duka akawa mtu wa kuombwa agombee: ana gari, ana vipaza sauti, na anajulikana na kila mtu anayekula chumvi.

Mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kuonja mambo hayo. Mwaka 1994 ulifanyika uchaguzi mdogo Kigoma Mjini. CCM ilimsimamisha Azim Premji, mfanyabiashara wa hapo hapo Kigoma. CHADEMA ikamsimamisha Dk. Aman Walid Kabourou, msomi. Sisi tulikuwa mbali, huku juu milimani, na barabara ya vumbi katikati. Tulifuatilia kwa redio ya mzee iliyokaa juu ya mizani. Premji akatangazwa mshindi. Kabourou akaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikayafuta matokeo, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mambo mawili yalizungumzwa sana: upendeleo wa Redio Tanzania, ile ile tuliyokuwa tukiisikiliza, na suala la barabara za mji kushughulikiwa wakati wa kampeni. Mwaka 1995 Kabourou akaingia bungeni. Baadaye sana alihamia CCM, na alifariki Machi 2018.

Watu dukani walibishana siku nzima. Jamaa mmoja, muuza maharage, akasema, "Sasa kosa liko wapi? Barabara si barabara tu? Ikitengenezwa wakati wa kura, haipitiki?" Wote wakacheka. Nami nikacheka. Swali lake nilikuja kulielewa miaka sita baadaye, na jibu lake nililisoma katika daftari hili.

Mwaka 2000 baba aligombea udiwani. Mwaka huo huo sheria ya uchaguzi ilikuwa imebadilishwa, na kile kilichoitwa takrima kikaruhusiwa: mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema, kama mila inavyotaka. Wapambe wake wakaja usiku na ushauri mmoja: "Mzee, wewe huhitaji kununua pilau. Una daftari." Baba akaniita. Akasema, "Mwanangu, nisomee majina yote." Nikasoma mpaka kibatari kikaanza kufifia. Mama alikuwa amekaa mlangoni, akauliza swali moja tu: "Baba Kijana, unasamehe au unanunua?" Hakujibiwa.

Kesho yake nilipewa kalamu nyekundu. Nikapiga mstari kurasa 31.

Baba alishinda, tena kwa kura nyingi. Lakini ndugu msomaji, deni halifi kwa mstari wa kalamu, linahama tu. Tangu siku ile mzee hakuweza tena kumwambia mtu hapana. Aliyesamehewa sabuni alirudi kutaka sukari, ada ya mtoto, sanda. Rafu za duka zikaanza kubaki wazi. Kufika mwaka 2005 tulikuwa tunauza viberiti na chumvi tu.

Hata hilo si lililoniuma zaidi. Mvua za mwaka wa pili wa udiwani wake zilibeba daraja la miti tunalovukia kwenda zahanati. Ukaitishwa mkutano. Nilikuwepo. Watu walikaa kimya, kila mtu akitazama vidole vya miguu yake. Mwishowe yule muuza maharage akainuka: "Tumdai nini? Alishatulipa." Wakatawanyika. Wajawazito waliendelea kuvuka kwa kubebwa mgongoni.

Hapo ndipo nilipoielewa kesi ya Kigoma. Barabara inayokuja wakati wa kampeni inapitika, sawa. Ila inakuja na risiti, na aliyekwisha kusaini risiti hana mdomo wa kudai. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliifuta takrima kwa kuwa inapingana na Katiba, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria zipo. Kauntabuku nazo zipo, katika maduka mengi.

Sisemi mwenye duka asigombee. Nimelelewa na duka, na sijaona mtu anayejua thamani ya shilingi kama yeye. Leo lami imefika Kasulu, na siku hizi wagombea wana magari mazuri kuliko baiskeli ya mzee wangu. Ninachosema ni hiki: dukani mteja akilipwa chenji yake, mambo yamekwisha. Kwenye kura, hesabu ndiyo kwanza inaanza siku ya kutangazwa matokeo.

Baba hayupo tena. Nimeliweka daftari lake karibu na karatasi ninazoandikia. Kila nikilifungua naona ile mistari myekundu, na mwandiko ni wangu.