Skauti wa Nyeri na Sheria ya Nne

Wengi wetu tukisikia mji wa Nyeri, karibu na Mlima Kenya, na skauti kwa pamoja, tunakumbuka kaburi. Baden-Powell, aliyeanza na kambi ya wavulana katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliishi Nyeri miaka yake ya mwisho na kufariki huko Januari 8, 1941. Amezikwa katika makaburi ya kanisa la Anglikana la Mtakatifu Petro. Juu ya jiwe kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti: nimekwenda nyumbani.

Lakini tusiishie kaburini. Skauti ilifika Kenya mwaka 1910, mwanzoni ikiwa ya watoto wa Kizungu. Wavulana Waafrika waliipata baadaye, hasa katika shule za misheni, wakawekewa vikundi vyao kando. Wao pia waliahidi kumtumikia Mungu, wakafundishwa sheria ya nne, kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine. Ndugu, lakini si katika hema moja! Wapo walioisoma sheria hiyo kama ilivyoandikwa, wakaitumia kudai usawa. Sisi wa Kanisa tusishangae. Waliotuletea Biblia nao waliulizwa maswali kutoka ndani ya Biblia ileile.

Siku hizi, kila Februari, maskauti husafiri hadi Nyeri kukumbuka siku aliyozaliwa mwanzilishi wao, tarehe 22. Wengi wao ni Waafrika.