Kujiandaa kwa mbio ndefu Rubavu: kine inasaidia nini, na haisaidii nini

Wakimbiaji wengi wa Gisenyi hufanya mazoezi alfajiri kando ya Ziwa Kivu, kisha hupanda milima ya kuelekea Rubona au Nyundo. Wengine wanalenga mbio za Kigali International Peace Marathon, zilizoanza mwaka 2005, ambazo zina kilomita 42 na nusu yake. Kama wewe ni mmoja wao, na miguu hiyohiyo ndiyo inayobeba mizigo na kutafuta riziki ya familia, jeraha moja linaweza kukugharimu mbio na kazi pia. Makala haya yanaeleza jinsi tiba ya viungo, ambayo wengi hapa na Goma huiita "kine", inavyoweza kukusaidia.

Kine ni nini?

Ni tiba inayotumia mazoezi, mwendo na mikono ya mtaalamu ili kuimarisha misuli na kurudisha viungo katika hali yake. Si lazima uumie kwanza. Mtaalamu anaweza kuangalia unavyotembea, unavyochuchumaa na unavyosimama kwa mguu mmoja, kisha akuonyeshe palipo dhaifu.

Ukitaka huduma hii, anzia kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wao ndio wanaoandika rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya. Kabla hujaenda, uliza kama bima yako au kadi yako ya mkimbizi inalipia kine, na ni vikao vingapi. Mtaalamu halali nchini Rwanda ana leseni ya baraza la taaluma yake; una haki ya kumuuliza.

Mazoezi ya kufanya nyumbani

Hayahitaji pesa wala vifaa. Fanya mara tatu kwa wiki, ukianza angalau miezi miwili kabla ya mbio:

- Kuinua visigino: simama kwenye ngazi au jiwe imara, inuka kwa vidole, kisha shuka polepole. Mara 15, raundi tatu. Zoezi hili huimarisha mashavu ya miguu na kano ya kisigino.
- Kuinua makalio: lala chali, kunja magoti, inua kiuno. Mara 12, raundi tatu.
- Kushuka ngazi kwa mguu mmoja: shuka polepole, goti lisielekee ndani. Mara 10 kila mguu. Hili linakuandaa kwa miteremko, maana kushuka mlima huchosha mapaja kuliko kupanda.
- Kusimama kwa mguu mmoja: sekunde 30, kisha jaribu macho yakiwa yamefungwa. Husaidia kifundo cha mguu kwenye njia za mawe ya volkano.

Kabla ya kukimbia, pasha mwili moto kwa dakika 10: tembea haraka, rusha miguu mbele na nyuma, inua magoti. Kujinyoosha huku umesimama tuli kwa muda mrefu kabla ya kukimbia hakujaonekana kuzuia majeraha.

Ongeza umbali kidogokidogo kila wiki. Majeraha mengi ya wakimbiaji hutokana na kuongeza haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea.

Kukandwa, maji ya moto na plasta za rangi

Kukandwa hupunguza maumivu ya misuli baada ya mazoezi, lakini hakuchukui nafasi ya mazoezi ya nguvu. Watu wengi huenda kwenye chemchemi za maji moto za Nyamyumba, karibu na kiwanda cha Bralirwa. Ni pazuri kwa misuli iliyochoka. Jihadhari, kuna sehemu ambazo maji yake yanaunguza. Usiweke kwenye joto wala usikande mahali palipoteguka au kuvimba leo au jana. Tumia kitambaa chenye maji baridi, funga kiasi, na uinue mguu.

Plasta za rangi zinazonyumbulika zilibuniwa na Mjapani Kenzo Kase katika miaka ya 1970. Zinaweza kupunguza maumivu kidogo kwa baadhi ya watu. Hazikufanyi uwe na kasi zaidi, na ukosefu wake usikutie wasiwasi.

Kuna pia watu wanaodai kutambua ugonjwa au upungufu wa chakula mwilini kwa kukubonyeza mkono na kupima nguvu zake. Njia hiyo ilianzishwa na Mmarekani George Goodheart mwaka 1964, na ilipopimwa haikufanya vizuri kuliko kubahatisha. Usiitolee pesa.

Viatu kwanza

Wakimbiaji watano wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya Kakuma na kuingia timu ya wakimbizi ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 walifanya mazoezi Ngong, Kenya, chini ya Tegla Loroupe. Baadhi yao wameeleza kwamba mwanzoni waliumia kwa kukosa viatu vinavyofaa. Ukinunua vya mtumba, angalia soli haijalika upande mmoja na vidole vina nafasi. Usivae viatu vipya kwa mara ya kwanza siku ya mbio.

Acha kukimbia na nenda kituo cha afya ikiwa:

- unahisi maumivu makali kwenye nukta moja ya mfupa, hasa muundi au unyayo, na yanaendelea hata ukipumzika;
- shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma. Usilikande, huenda ni damu iliyoganda;
- goti linakwama au huwezi kukanyaga;
- unapata maumivu ya kifua au kuzimia unapokimbia. Hiyo ni dharura.

Maumivu ya kawaida ya misuli hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Yasipopungua baada ya wiki moja, usisubiri siku ya mbio ipite ndipo uende kuonwa.