Madigadi ya Mwalimu

Sanduku la spana aliloniachia marehemu baba lina tabaka mbili. Juu zimo spana za milimita, namba 8, 10, 12, 14 na 17, ambazo fundi yeyote wa bodaboda hapa Morogoro huzitambua kwa kuzipapasa tu. Chini yake, ndani ya kipande cha kanga kilicholowa oili, zimo spana sita ambazo kijana wa leo akizishika huuliza ni za nini. Zimechongwa sehemu za inchi, na pembeni yake herufi W. Miaka mingi imepita bila nati ya kuzihitaji. Hata hivyo kila mwaka, kabla ya masika, nazitoa, nazifuta na kuzipaka oili upya. Ndizo zilizonifundisha kwa nini mafundi wa zamani walifungua madigadi ya nyuma taratibu, kama muuguzi anayebandua bandeji kwenye kidonda kibichi.

Neno pikipiki tulilitunga wenyewe kutokana na mlio wa injini. Madigadi, keria na spoki tulizipokea pamoja na chuma chenyewe, na zilitufikia kwanza kwa baiskeli. Kazi ya madigadi ni kuzuia tope lisimrukie mpandaji, na kwa sababu hiyo hakuna kiungo cha pikipiki kinachopigwa zaidi. Upande wa ndani hupokea mchanga na kokoto safari nzima. Upande wa nje hupokea jua, mvua, miguu ya abiria na kamba za mizigo. Katikati ya hayo yote, kinga ya bati lile ni rangi tu. Rangi ikifunguka, hata kwa upana wa punje ya mchele, unyevu huingia, kutu huanza, na kutu hutambaa chini ya rangi nzima bila kuonekana hadi siku itakapoibuka kama lengelenge.

Pikipiki iliyonifundisha hayo ilikuwa BSA Bantam ya mwalimu mstaafu aliyekaa njia ya kwenda milimani Uluguru. BSA ilikuwa kampuni ya Birmingham, Uingereza, iliyoanza mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki, na nembo yake ilibaki kuwa bunduki tatu zilizoegemeana. Bantam ilitoka mwaka 1948, ikiwa na injini ya cc 125 na rangi ya kijani hafifu, kijani cha ukungu wa asubuhi. Asili yake ilikuwa Ujerumani. Michoro ya pikipiki ya DKW RT 125 ilichukuliwa baada ya Vita Kuu ya Pili kama fidia ya vita, na nchi kadhaa zikaitumia. Waingereza wakatoa Bantam, Harley-Davidson wa Marekani wakatoa ya kwao, Wasovieti vilevile. Mwaka 1955 Yamaha nao wakatoa pikipiki yao ya kwanza kabisa, YA-1, kwa kufuata DKW hiyohiyo. Kwa hiyo Bantam ya mwalimu na Yamaha walizokuja kupanda mabwana shamba miaka ya baadaye zilikuwa na babu mmoja.

Madigadi za Bantam zilikuwa za bati, pana, zenye rangi ileile ya tangi. Rangi ya viwanda vya wakati ule haikuachwa ikauke kwa upepo. Chuma kilipakwa, kikaingizwa kwenye tanuri, rangi ikapikwa hadi ikashikana na bati na kuwa ngumu kama kioo. Ndiyo maana pikipiki ya miaka 30 iliweza kung'aa baada ya kuoshwa kwa maji na sabuni ya mche. Na ndiyo maana mkwaruzo wake haukuwa na dawa kamili: huku kwetu tulikuwa na brashi na jua, tanuri hatukuwa nalo.

Sasa turudi kwenye zile spana. Waingereza walifunga pikipiki zao kwa vipimo vyao wenyewe, na spana nyingi zilifuata kipimo alichoweka mhandisi wao Joseph Whitworth mwaka 1841. Ile W ni yake. Wajapani walikuja na milimita. Nati ndogo iliyoshika madigadi ya Bantam ilitaka spana yenye mdomo wa zaidi kidogo ya milimita 11. Ukiweka namba 12, inaingia, lakini inacheza. Ukikaza mkono, inateleza, inakula pembe za nati, na mwisho wa safari yake ni juu ya rangi.

Mwaka 1982 nilikuwa na miaka 14. Mwalimu alileta Bantam yake kwa sababu tope lilikuwa limegandamana kati ya tairi na madigadi, likakauka kama tofali, na gurudumu likawa zito kuzunguka. Baba alikuwa ameitwa msikitini. Mimi nikaona nati nne si kazi ya kumsubiri mtu. Nikachukua namba 12. Nati ya kwanza ilikubali. Ya pili ilikuwa na kutu, nikavuta kwa nguvu, spana ikachomoka na kuchora mstari wa urefu wa kidole kwenye ule ukijani, hadi bati jeupe likaonekana.

Baba aliporudi hakunipiga. Alichuchumaa, akapitisha kidole gumba juu ya mstari ule, akasema: "Mwanangu, rangi hii imepikwa Birmingham. Sisi tutaipikia jiko gani?" Kisha akaenda mwenyewe kumwambia mwalimu. Nilisimama nyuma yake, nikatoa shikamoo, nikaomba radhi.

Kijana aliyezaliwa baada ya hapo anaweza kuona kwamba baba alikuza jambo dogo. Akumbuke nchi ilikuwa wapi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita na Idi Amin viliingia mwaka 1978 na kumalizika mwaka uliofuata, vikiacha hazina tupu, huku bei ya mafuta duniani ikipanda. Fedha za kigeni zikakosekana. Sabuni ilipangiwa foleni, sembuse rangi ya pikipiki ya Kiingereza ambayo kiwanda chake kilikwishaacha kuitengeneza mwaka 1971. Mwaka 1983 ikaja operesheni dhidi ya wahujumu uchumi, na hata mwenye makopo mawili ya rangi ndani aliogopa kuulizwa ameyapata wapi. Mlango wa kuagiza bidhaa ulianza kulegezwa mwaka 1984, pale watu waliporuhusiwa kuingiza mali kwa fedha zao za kigeni.

Basi uangalifu wa mafundi wale ulizaliwa na uhaba. Kitu kisicho na mbadala hufunguliwa kwa heshima. Rangi tuliyomsiribia mwalimu tuliichanganya kutoka kwenye mabaki ya kopo la dirisha, buluu na manjano, ikatoka kijani cha mgomba. Masika yaliyofuata, kutu ilikuwa tayari imechungulia kwenye kingo za kiraka kile.

Baada ya hapo baba alinifundisha kufungua madigadi upya, kwa mpango wake, nami nauandika hapa kwa sababu haumo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Kwanza ni maji. Pikipiki huoshwa kabla spana haijaguswa, maana mchanga ulio juu ya rangi, ukisuguliwa na kitambaa, ni msasa. Pili ni subira: kila nati hutiwa tone la mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, ikaachwa, ikiwezekana usiku kucha. Tatu, mahali pote ambapo mkono au chuma kitapita hufunikwa. Baba alitumia kanga kuukuu na vipande vya mpira wa tyubu. Siku hizi naongeza utepe wa karatasi wa wapaka rangi, ule usioacha gundi.

Hapo ndipo kiti na keria hutoka. Waya ya taa ya nyuma huachanishwa, na ncha yake hufungwa uzi mrefu, ili wakati wa kurudisha uzi uivute palepale ilipopita. Spana inayotumika ni ya ringi, inayoikumbatia nati pande zote. Ya mdomo wazi ni ya kumalizia tu, nati ikishalegea. Spana huvutwa kuelekea kifuani, haisukumwi, maana mkono unaosukuma ukiteleza hauna pa kusimama. Kila bolti na washa yake huingia kwenye kopo kwa mpangilio uliotoka. Kabla ya bolti ya mwisho anaitwa mtu wa pili, aishike madigadi kwa mikono miwili isining'inie na kuzunguka juu ya fremu. Gurudumu likiwa limetolewa, madigadi hushuka wima, inalazwa juu ya gunia, mgongo chini, na tope la ndani hutolewa kwa kipande cha mbao na maji. Bisibisi hairuhusiwi kulisogelea. Wakati wa kufunga, chini ya kila washa ya chuma huwekwa washa ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu, ili chuma kisitafune rangi.

Wamarekani waliipa madigadi historia nyingine. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari waliorejea nyumbani walinunua Harley za jeshi kwa bei ya chini, wakang'oa madigadi ya mbele na kukata ya nyuma ikabaki fupi kama mkia wa farasi uliopunguzwa, ili pikipiki iwe nyepesi na ya kasi. Kwao madigadi ilikuwa uzito wa kutupwa. Kwetu, kwenye tope la Mvomero na Kilosa, ilifunguliwa ili isafishwe irudi mahali pake.

Mabadiliko makubwa yalitoka Japani. Mwaka 1958 Honda walitoa Super Cub, ambayo madigadi yake ya mbele ilikuwa ya plastiki. Rangi imo ndani ya plastiki yenyewe; ukiikwaruza, utakutana na rangi ileile, na kutu haina mahali pa kushika. Mwaka 2010 serikali yetu ilitoa kanuni zilizoitambua rasmi pikipiki kama chombo cha abiria, na bodaboda zikajaa kila kijiwe. Vipuri sasa vimetundikwa dukani kama ndizi. Fundi akivunja kipande, mteja anatumwa dukani, na kazi inaendelea.

Sibezi wingi huo; umewalisha vijana wengi, hata wa nyumbani kwangu. Lakini fremu bado ni chuma. Tangi bado ni chuma, na mabano yanayoshika madigadi ni chuma pia. Kila siku naletewa pikipiki ya miaka miwili yenye fremu iliyoanza kuliwa na kutu hasa pale bolti za nyuma zinapokaa, mahali ambapo spana legevu ilipita. Mwenye pikipiki hiyo mara nyingi bado anamlipa tajiri wake kila wiki. Mkwaruzo wa dakika moja unakula mali ambayo hajamaliza hata kuinunua.

Kwa hiyo, kijana uliyeshika spana leo, osha kwanza, funika rangi, tumia spana inayokaa sawasawa, na umwite mwenzako kabla ya bolti ya mwisho. Pikipiki unayoifungua si yako, na rangi yake ndiyo maisha yake.